Nilipeleka Maziwa ya Jirani Yapimwe, Mume Wangu Akaugua

Nianze na kosa lenyewe, nisije nikazunguka sana nikaishiwa na ujasiri. Nilidanganya watu wa utafiti wa magonjwa. Walikuja kwangu kuomba maziwa ya ng'ombe wangu wakayapime, nami nikawapa maziwa ya ng'ombe wa jirani. Aliyelipia uongo huo ni mume wangu, na aliulipia kwa mgongo wake.

Jina langu halitakusaidia kitu. Jua tu kwamba mimi ni mama wa makamo, nakaa upande wa Tetu, Nyeri, nina shamba dogo la chai na ng'ombe mmoja wa maziwa anayeitwa Kwini. Mume wangu nitamwita Baba Wachira na jirani yangu nitamwita Mama Nyambura. Hawaitwi hivyo, lakini wakisoma watajijua.

Kwini alikuwa ng'ombe wa kujivunia. Maziwa ya asubuhi yalikwenda deri, kiwanda cha maziwa, ambako huchemshwa kabla ya kumfikia mtu yeyote. Ya jioni yalibaki nyumbani. Mengine yalikuwa ya chai, na mengine niliyamimina kwenye kibuyu mabichi yagande, kama alivyofanya mama yangu na nyanya yangu. Kwetu maziwa ya kugandisha hayapitishwi kwenye moto. Ukiyachemsha, wazee watakwambia umeyaua.

Baba Wachira alikunywa maziwa hayo kila siku, na mimi ndiye niliyekuwa namjazia bakuli. Nilikuwa namjazia kwa upendo. Nasema upendo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, ole wangu!

Sasa, Jumapili moja watu wakiwa kanisani, Kwini akatupa mimba. Baba Wachira alitaka kumpigia simu daktari wa mifugo. Nikamkataza. Habari ya ng'ombe aliyetupa mimba ikifika deri, maziwa yako yataanza kutazamwa kwa jicho baya, na kabla ya jioni akina mama watakuwa wanaulizana umemkosea Mungu nini.

Akasema basi atafute mifuko ya plastiki avae mikononi, kwa sababu alisikia redioni kwamba ndama wa namna hiyo hashikwi hivi hivi. Nikamcheka. Nikamwambia mwanamume mzima hashiki ndama kwa mifuko kama anayeuza mandazi. Basi akamshika kwa mikono mitupu, yeye na kondo lake la nyuma, akavizika vyote nyuma ya majani ya nepia ya kulisha ng'ombe. Akanawa, akavaa koti, tukaenda kanisani. Tulifika wakati wa matangazo, na nikaimba wimbo wa mwisho kwa sauti kubwa kuliko wote.

Haukupita muda wakaja watu wa utafiti. Aliyefika kwangu alikuwa msichana wa Meru, nitamwita Kendi, mpole, amevaa gambuti. Akatueleza kwamba wanatafuta ugonjwa wa brusela. Ng'ombe akiwa nao anaweza kutupa mimba, na binadamu anaupata kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kushika mambo ya uzazi wa ng'ombe bila kujikinga. Alisema watu wa mashambani wanaugua wasijue, wanatibiwa malaria na taifodi hadi wanachoka. Akasema pia kwamba ugonjwa ukionekana kwenye kijiji, wataiomba kaunti ilete chanjo ya ndama na mafunzo kwa wakulima. Nikamuuliza ng'ombe mwenye ugonjwa hufanywa nini. Akasema hana dawa ya kuaminika, ni afadhali aondolewe.

Nilisikia hilo neno aondolewe. Mengine yote sikuyasikia tena, na alizungumza kwa muda mrefu.

Kwa kuwa sisi hukamua kabla hakujakucha vizuri, Kendi aliacha kichupa kila boma. Mwenye ng'ombe angekijaza asubuhi, naye angepita kuchukua. Utafiti wote ulisimama juu ya jambo moja, kwamba mama wa Tetu hawezi kusema uongo kuhusu maziwa. Kwa kweli walikuwa wametuheshimu sana.

Asubuhi yake nilivuka ua nikaenda kwa Mama Nyambura na kikombe. Nikamwambia Kwini amepiga ndoo teke, anisaidie na maziwa ya chai. Alinipa bila kuuliza, hata akatabasamu kidogo. Nikajiambia kweli jirani mwema ni bora kuliko ndugu wa mbali. Nikajaza kichupa, nikamkabidhi Kendi, akanishukuru mara mbili.

Majibu yalikuja kwenye simu. Ng'ombe wangu hana ugonjwa. Niliwaonyesha watu ujumbe ule kama matokeo ya mtoto aliyepita mtihani. Na jambo la kushangaza, baada ya kuwaonyesha watu wa kutosha, mimi mwenyewe nikaanza kuamini.

Halafu Baba Wachira akaanza kulalamika.

Huyu alikuwa mtu wa kupanda miti. Ukiwa na mti mrefu mpakani unaotisha kuangukia nyumba, ulikuwa unamwita yeye, anapanda na panga anaukata matawi huku anapiga mluzi. Sasa akawa anaamka shati limelowa jasho. Homa ilikuwa inamjia jioni, asubuhi haipo. Leo goti, kesho kiuno, keshokutwa anachekacheka kama hakuna kitu. Mimi nikapiga hesabu zangu. Niliona homa inakuja siku ya kuchuma chai na kuondoka siku ya mpira. Nikaita jambo hilo kwa jina lake, uvivu.

Na sikuliita nyumbani tu. Nililipeleka kwa akina mama wa kanisa, wakalipeleka kwa pasta. Jumapili moja Baba Wachira akaitwa mbele, akawekewa mikono kichwani, pepo wa uvivu akakemewa kwa Kiswahili na Kikuyu. Ilikuwa siku ya homa. Jasho likamtoka hadi kola ikalowa, na kanisa zima likashangilia kwamba pepo anatoka. Mimi nilikuwa kiti cha mbele. Nilipiga makofi.

Pepo hakutoka. Alikonda, suruali ikaanza kuhitaji kamba. Nikampeleka zahanati moja karibu na soko la Giakanja. Daktari wa pale alikuwa kijana makini, lazima niseme ukweli. Kitu cha kwanza alichouliza ni maziwa.

"Mama, nyinyi mko na ng'ombe? Huyu mzee anakunywa maziwa haijachemshwa?"

"Ng'ombe yetu ilipimwa," nikamjibu. "Haina kitu. Hata message niko nayo hapa."

Nikamwonyesha simu. Baba Wachira alikuwa amekaa kando yangu. Aliniangalia, kisha akaangalia sakafu. Daktari akasoma ujumbe, akaridhika, akahamia kwa taifodi. Tukarudi nyumbani na dawa za taifodi, na jioni nikamjazia bakuli la maziwa ya mgando apate nguvu za kuzimeza.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, msomaji wangu. Dawa zikiisha tunaongeza nyingine, na bakuli halikukosa hata siku moja. Nilikuwa nauguza mtu kwa mkono wa kulia na kumuua kwa wa kushoto, na mikono yote miwili ilikuwa safi machoni pangu.

Kisha siku moja baada ya chakula cha mchana akashindwa kuinuka kwenye stuli. Si kwamba alikataa. Alijaribu, uso ukabadilika rangi, akakaa tena polepole. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Wachira, hii mgongo imekataa." Vijana walimbeba hadi barabarani tukamfikisha hospitali Nyeri mjini.

Daktari wa huko hakuniuliza mimi kitu. Aliuliza damu, na damu haikuwa na ujumbe wa simu wa kujitetea nao. Ilikuwa brusela. Ilikuwa imekaa kwenye mwili wake muda mrefu hadi ikaingia kwenye pingili za uti wa mgongo. Aliandikiwa vidonge vya wiki nyingi na sindano juu yake. Daktari akasema ugonjwa utaisha, ila mgongo hawezi kuahidi. Angeletwa mapema, alisema, tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Nilitoka nikalia chooni, maana wodini watu wangefikiri amekufa. Niliporudi niliamua kumwambia. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikaanza na Kwini, nikafika kwenye kichupa, nikakwama.

"Ulitoa kwa Mama Nyambura," akasema yeye. "Nilikuwa kwa mti yake, juu, nikikata matawi. Nilikuona ukitoka na kikombe."

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza pale zahanati, mtu anaumwa namna ile na daktari anauliza swali lenyewe.

"Mwanzo hata mimi sikutaka Kwini aende, sitakudanganya," akasema. Akapumzika kidogo, kwa sababu kuzungumza kulimuumiza. "Lakini siku hiyo kwa daktari nilitaka kusema. Nikafikiria, sasa nitaita bibi yangu muongo mbele ya watu?"

Mimi nilimwita mvivu mbele ya kanisa zima, na yeye alikataa kuniita mwongo mbele ya daktari mmoja.

Jamani, kuna maneno yanayouma kuliko matusi.

Alipotulia kidogo nilimtafuta Kendi. Nilidhani atanifokea. Alinisikiliza hadi mwisho, akakuna kichwa kwa kalamu, akauliza kama naweza kuyasema hayo mbele ya wakulima wengine. Nikasema naweza.

Mkutano ulifanyika kwa Mama Nyambura, kwa sababu ana uwanja mpana. Nilisimama nikasema yote. Ndama, mikono mitupu, kikombe, mume wangu. Nilingoja wanizomee. Badala yake mama mmoja wa kwaya akaanza kutazama chai aliyoandaliwa kama imeingiwa na inzi. Mwingine akatazama yake. Mama Nyambura akavuta kanga mabegani, akasema kwa upole kwamba asubuhi ile ya vichupa alishangaa kwa nini ng'ombe wa kijiji kizima wamepiga ndoo teke siku moja.

Ndiyo hivyo. Walikuwa wamepita kwake mmoja baada ya mwingine, na kikombe, na hadithi ileile. Ng'ombe wake mmoja alikuwa amepimwa kwa majina ya nusu ya kijiji. Alikuwa mzima kila mara.

Hakuna aliyecheka. Kendi alituambia polepole, bila hasira, kwamba kwenye utafiti wao kijiji chetu ndicho kilichoonekana kisafi kuliko vyote. Kwa hiyo chanjo ya ndama na mafunzo vilipelekwa ng'ambo ya mto, kwa watu waliotoa maziwa yao wenyewe. Sisi tulipongezwa tukaachwa na ugonjwa wetu.

Walirudia vipimo. Safari hii walikuja alfajiri, wakakamua wenyewe. Kwini alikuwa nao, na hakuwa peke yake. Aliondolewa kwa utaratibu, mimi mwenyewe nikamshika kamba hadi kwenye lori. Watu kadhaa wa kijiji walipimwa damu wakaanza dawa mapema, migongo yao ikiwa bado imenyooka. Nafurahi kwa ajili yao. Nafurahi na naona wivu, nisikufiche.

Kwa hiyo wewe mama unayesoma huku maziwa yako yako kwenye kibuyu, nakuomba. Yachemshe kwanza, yapoe, ndipo uyagandishe. Yataganda tu, nimejaribu, na hayatakuwa yamekufa. Ng'ombe akitupa mimba, usimshike ndama kwa mikono mitupu, na usimfiche. Ita daktari wa mifugo. Majirani watasema, na watachoka kusema. Na wakija watu na vichupa vyao, wape kilicho chako, hata kama unaogopa jibu. Kipimo hakimletei mtu yeyote ugonjwa. Ugonjwa unakuwa tayari umo ndani ya nyumba, unakula na nyinyi.

Na mwenzako akisema anaumwa, mwamini. Mwamini hata kama ni siku ya kuchuma chai.

Baba Wachira amepona homa. Mgongo haukurudi. Hapandi miti tena, na hawezi kuinama, kwa hiyo kila asubuhi napiga magoti chini mimi namfunga kamba za viatu. Huwa nafunga taratibu makusudi, nikimpa nafasi aseme kitu, hata kama ni kunilaumu. Ananishukuru, anachukua fimbo yake, anatoka.