Unga wa Msiba Usiokuwepo

Nilipomaliza chuo nilirudi kijijini kwetu Ukata bila kazi, na nikiwa na jambo moja ambalo sikumwambia mtu. Kila asubuhi nilikaa sakafuni, nikafumba macho na kufuata pumzi yangu. Msichana niliyeishi naye bwenini ndiye aliyenifundisha. Alisema ni kutafakari kwa njia ya yoga, na kwamba hakihitajiki chochote ila utulivu. Kwangu ilikuwa dawa ya moyo unaokimbia bila kufukuzwa.

Mama akanigundua. Tangu baba afariki alikuwa halali, na presha yake ilipanda mpaka zahanati wakaanza kumwonya. Akaniomba nimfundishe. Magoti yake hayakunjiki, kwa hiyo alikaa miguu kainyoosha, kanga kichwani kwa ajili ya baridi. Niliwaza siku nzima: hivyo inafaa? Nisipomfundisha sawasawa, nitamdhuru? Lakini mama alianza kulala. Nilimsikia akikoroma chumba cha pili, nami nikaogopa hata kujigeuza nisimwamshe.

Hofu yangu kubwa ilikuwa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo. Mwenyekiti akisema jambo ni la kishetani, mama angeliacha siku hiyo hiyo, na usingizi ungeondoka nalo. Basi nikawa nafunga madirisha, na tunakaa mapema, kabla ya kuwasha moto.

Asubuhi moja jirani alikuja kuomba chumvi. Aliona jikoni hakutoki moshi, wakati nyumba zote zinafuka. Akachungulia mlangoni. Alichoona ni wanawake wawili kwenye mkeka, kimya, madirisha yamefungwa, mmoja kajitanda kanga na kunyoosha miguu. Hakupiga hodi; alikimbia kuwaita wenzake.

Sisi tulisikia vilio tu, vikija kwa njia ya mashamba ya kahawa. Nilipotoka, uani kulikuwa kumejaa wanawake wa jumuiya, wengine na kuni kichwani, wengine na ndoo za unga. Mbele yao alisimama mama mwenyekiti, aliyeolewa huku milimani akitokea Mbaha, ziwani.

"Nani katutoka?"

"Shikamoo, mama." Ndicho pekee kilichonijia.

"Marahaba. Nimeuliza nani kafa."

"Hakuna, mama."

Vilio vilikatika. Mmoja akatupa kuni chini kwa kishindo. "Yaani nimelia bure? Uji wa watoto nimeuacha motoni!"

"Sasa humo ndani mlikuwa mnafanya nini?" mwenyekiti aliuliza.

Nikaanza kueleza. Nikataja India, nikajuta, nikakimbilia mapafu.

"Msomi wetu," akasema yule aliyetupa kuni, "sema tuelewe."

Mama alikuwa amefika mlangoni. "Tunakaa kimya, tunapumua. Na mimi usiku nalala."

Mwenyekiti alimsogelea. Mwanawe alizama ziwani mwaka uliopita, na wote tulijua kwamba tangu hapo taa ya nyumba yake haizimwi.

"Unalala?"

"Nalala."

"Hebu tuonyesheni."

Wakaingia. Hakuna aliyeuliza miguu ikae vipi. Walikaa kama wanavyokaa msibani, bega kwa bega, miguu mbele, na mimi sikumrekebisha mtu. Nikawaambia wafuate pumzi ikiingia na ikitoka. Mawazo yakiwachukua, warudi. Nilisubiri kicheko. Nilisubiri neno shetani. Mtu akapenga kamasi, jogoo akawika, kisha kukawa kimya kabisa. Nikafumbua jicho moja. Machozi yalikuwa yanamtiririka mwenyekiti, wala hayafuti.

Aliposimama nilishika mkono wa mama.

"Unga uliobebwa kwa msiba haurudi nyumbani," alisema. "Upikwe, tule."

"Na kukaa kwetu?" mama aliuliza, sauti ndogo.

"Mkikaa tena, washeni moto kwanza. Tuone moshi, tujue mko hai." Akanigeukia. "Na wewe, fungua hayo madirisha. Unamficha nani?"

Nikayafungua, kisha nikaenda jikoni. Kiberiti kilizidi kunizimikia mpaka mama akaja akanipokonya.