Fundi Aliyechelewa kwa Wifi Yake

Kila asubuhi, kabla ya kukanyaga cherehani, fundi aliomba, "Bwana, niagize lolote, nitatii." Na kila asubuhi moyo ulimwambia akapatane na wifi yake, waliyenuniana naye tangu wagombane jikoni. Naye alijibu, "Nikimaliza gauni hili." Magauni hayakuisha, na kinyongo hakikuisha.

Siku alipokwenda, alimkuta wifi amepooza, hawezi kusema. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, wifi yangu. Mungu alinituma mapema, mimi nikajitia nina kazi."

Wifi alimtazama tu, machozi yakimtiririka.

Sasa fundi humwogesha na kumlisha kila jioni, hata akiwa hoi. Kama wifi amemsamehe, hajui, na kumuuliza tena anaona aibu.