Kiingereza cha Chrispinus na Fahali wa Mukhwana

Jumamosi, 22 Agosti 1964. Mvua ya mawe ya jana iliacha uwanja wa Khayega tope tupu. Asubuhi ilikuwa ya ukungu na baridi.

Chrispinus alikuwa amekuja likizo kutoka chuo kikuu Nairobi, akamwambia mama yake, Priscah, kwamba harudi tena. Hakuwa mjinga, ila Kiingereza kilimchosha. Darasani waliketi mbele ya mashine ya kunasa sauti, wakikariri maneno ya Mzungu aliyemkanyaga bibi mmoja mguu katika stesheni ya London.

"Mama, mwaka wa pili huu namwomba radhi yule bibi. Hajanijibu hata siku moja."

Priscah alilia. Kaka yake, Mukhwana, hakulia. Yeye alikuwa na fahali wa kupigana Jumamosi hiyo, na msemaji wake alikuwa amekaukiwa sauti. Kwetu fahali haingii uwanjani kimya: msemaji hutangulia akimsifu na kuwatukana wapinzani, nao hujibu. Na Ingutia, msemaji wa wapinzani, hakuwahi kushindwa kwa matusi.

"Mpwa wangu, mtukane kwa Kiingereza," Mukhwana alisema. "Atajibu nini?"

Basi Chrispinus akatangulia, tope hadi magotini, akapaza sauti ambayo mwalimu wake hakuwahi kuisikia. Alimwaga yote: bibi, mguu, stesheni, treni iliyochelewa. Watu wakashangilia. Ingutia alifungua kinywa, akakifunga.

Fahali wa Mukhwana alizitazama pembe za mwenzake mara moja tu, akageuka, akatokomea kwenye migomba ya kanisa.

Ingutia alikuja mbio. "Ndugu, mmeshindwa, lakini niambie. Ulinitukana nini?"

"Sikukutukana. Nilikuomba radhi kwa kukukanyaga mguu."

Mukhwana akashika kichwa. "Radhi? Unaomba radhi mbele ya ng'ombe wangu? Ndiyo maana amekimbia! Muda wote huo hawajakufundisha tusi hata moja?"

"Hawajafika hapo, mjomba."

"Rudi! Usikanyage kwangu mpaka wafike!"

"Desemba nitakungoja hapa hapa," Ingutia alisema, akisugua mikono. "Na mimi nitatafuta wa kunifundisha. Nitakujibu, wewe!"

Chrispinus akacheka, mara ya kwanza tangu aje likizo.

Kesho yake asubuhi, watu wakienda ibadani, alikuwa kando ya barabara juu ya sanduku lake la bati, akingoja basi la Nairobi na kufanya mazoezi, kwa Kiingereza na kwa sauti kubwa, ya swali la kumuuliza mwalimu wake: fahali hutukanwaje?