Equinox ya Mzee Orville

Rhonda Truchan alikuwa ameshika mkasi juu ya kichwa cha Bernice, mteja wake wa kila Alhamisi, alipofanya kosa la kutaja jambo lililokuwa likimnyima raha wiki nzima.

"Nataka kununua gari," alisema. "Sijui nichukue Equinox ya Chevrolet au Escape ya Ford."

Saluni nzima ilimgeukia. Hata mama aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele aliinua kichwa, na haijulikani alisikiaje. Katika Flint, mji wa viwanda vya magari, unaweza kumuuliza mtu dini yake, siasa zake, hata umri wake, na bado mkaachana salama. Lakini ukimuuliza Chevrolet au Ford, umemuuliza babu yake alikula mkate wa nani.

"Wewe, binti wa Orville?" Bernice alimkodolea macho kwenye kioo. "Unauliza hilo kwa sauti?"

"Nimekwama, Bernice. Tulia, nitakukata sikio."

"Kata tu. Limeshasikia ya kusikia."

Kukwama kwenyewe kulikuwa hivi. Mzee Orville, baba yake Rhonda, alikuwa amepachika milango kwenye magari ya Chevrolet kiwandani utu uzima wake wote. Akiwa ameketi jikoni, mlango wa gari ukibamizwa huko nje, angekwambia ni gari la kampuni gani na kama aliyeubamiza amegombana na mkewe. Nyumbani kwake palikuwa na sheria moja isiyo na rufaa: mbele ya gereji panaegeshwa Chevrolet na ndugu zake wa kampuni moja tu. Magari mengine yote, barabarani.

Curt, mume wa Rhonda, alizaliwa Dearborn, mji wa Ford, katika ukoo wa wafanyakazi wa Ford. Tangu siku alipokuja kujitambulisha kwa wakwe, pikapu yake haijawahi kukanyaga mbele ya gereji ile. Kila Siku ya Shukrani, sikukuu ya Novemba, huegesha barabarani mbele ya nyumba ya jirani, kisha hupita juu ya barafu na trei ya viazi mikononi, akiyumba kama mtu anayetembea juu ya kamba, huku mkwewe akimtazama dirishani kwa furaha asiyojali kuificha.

Yote hayo yalikuwa mchezo, mpaka vuli ilipofika na Orville akabadilishwa nyonga. Daktari alimwonya asiketi mahali ambapo goti linapanda juu kuliko nyonga. Gari la zamani la Rhonda lilikuwa chini mno. Pikapu ya Curt ilihitaji ngazi. Basi Ijumaa zikaanza kupita bila mzee kwenda ukumbini kwa wastaafu, kwenye samaki wa kukaanga na karata, alikokuwa akicheza jozi moja na rafiki yake Stosh tangu wote wawili wana nywele.

"Siwakumbuki hata kidogo," alisema. "Samaki wenyewe wana mafuta."

Lakini siku moja Rhonda aliingia jikoni kwa baba yake akamkuta anagawa karata kwa watu wanne, naye yuko peke yake. Alikuwa akicheza zamu ya kila mmoja na kuwakemea wote. "Stosh, hiyo karata umeitoa ya nini?" alikuwa akiuliza kiti kitupu. Rhonda alirudi nje polepole, akasimama kwenye baridi kwa muda, kisha akaingia tena akijifanya ndiyo kwanza anafika. Ni siku hiyo aliyoamua kununua SUV ndogo, gari lisilo juu wala chini, litakalomrudisha baba yake kwa watu.

Jumamosi walikwenda yadi ya Chevrolet. Orville alivaa koti la kanisani. Aliizunguka Equinox nyeupe akiipapasa kama farasi, akafungua mlango na kuufunga, akafungua tena na kuufunga, macho yamelegea.

"Umesikia hiyo, binti yangu? Hiyo ni sauti ya watu wanaojua kazi."

"Nimesikia, Baba. Sasa kaa."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Gari halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la nyonga: kiti hakikulingana nayo kwa kimo. Muuzaji alikipandisha kiti na kukirudisha nyuma, Rhonda akamshika baba yake mkono, mkongojo ukaanguka, na mzee akabaki nusu ndani, nusu nje, jasho likimtoka katikati ya Januari.

"Iko sawa kabisa," alisema kwa meno yaliyobanwa.

"Baba, mguu wako mmoja bado uko nje."

"Huo nauacha nje kwa hiari yangu."

Jumatatu Rhonda alikwenda yadi ya Ford na Curt, bila mzee. Alibeba ufagio wa saluni. Alikuwa amekipima kiti cha jikoni, kile ambacho baba yake hukalia na kuinuka bila kusaidiwa, akafunga utepe mwekundu kwenye mpini mahali sehemu ya kukalia ilipofikia.

"Mama, gari zetu tumeshazifagia," muuzaji alisema.

"Usimjibu," Curt alimnong'oneza. "Ameshika ufagio."

Rhonda aliusimamisha mpini kando ya kiti cha mbele cha Escape nyeupe. Utepe ulilingana na kiti sawasawa, kana kwamba fundi alikuja kupima jikoni kwa mzee.

"Nilijua," Curt alisema, uso uking'aa. "Nimesubiri siku hii miaka yote ya ndoa."

"Ukicheka mbele ya baba yangu, Curt, utalala kwenye hiyo pikapu."

Jioni alimweleza baba yake ukweli wote, pamoja na habari ya ufagio. Orville alimsikiliza hadi mwisho.

"Afadhali nitambae," alisema.

Ndiyo sababu Rhonda alikuwa ameuliza swali lile saluni. Gari moja baba yake alilipenda lakini halikumfaa; jingine lilimfaa lakini hakulipenda. Bernice, baada ya kutafakari mpaka nywele zikakauka, alimpa jibu moja tu.

"Mpenzi, mtu akishiba samaki haulizi alibebwa na nini."

Rhonda alikwenda kuchukua Escape mchana uleule. Usiku theluji ilianguka, ikaendelea siku ya pili yote. Ijumaa jioni aliendesha hadi kwa baba yake na kwa mazoea ya ndoa yake akaegesha barabarani, mbele ya nyumba ya jirani. Hapo ndipo alipoona kosa lake. Gari la kuzoa theluji lilikuwa limepita na kuacha kando ya barabara ukuta wa barafu unaofika kiunoni. Curt angeuruka. Mzee mwenye mkongojo angeuvuka vipi? Gari lile lingemfaa baba yake endapo tu lingefika mlangoni, na sheria ilikuwa palepale.

Aliteremka, akafunga mlango, na kutazama juu. Orville alikuwa amesimama barazani, amevaa koti la kanisani. Alikuwa ameusikia mlango.

Aliutazama ukuta wa barafu, akautazama mkongojo wake, kisha akalitazama gari. Kuanzia boneti hadi taa, sehemu yote ya mbele ilikuwa imefunikwa na theluji iliyochanganyika na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Nembo haikuonekana.

"Equinox nzuri hiyo," alisema.

"Baba, mimi nilikwambia kwamba—"

"Nimesema Equinox nzuri. Mbona unaiacha barabarani kama ya mumeo? Ilete ndani."

Aliingiza gari mbele ya gereji. Orville alifungua mlango mwenyewe, akaketi, akaingiza mguu wa kwanza, akaingiza wa pili, na kufunga. Hakushikwa mkono. Usukani uliokuwa karibu yake ulikuwa na nembo ya bluu ya Ford kubwa kama yai, lakini safari nzima alitazama dirisha la upande wake tu.

"Kitu kimoja," alisema walipokaribia ukumbini. "Hiyo theluji ya mbele usiifute. Inakwangua rangi."

"Na ikiyeyuka Aprili, Baba?"

"Aprili ina mambo yake."

Ukumbini walimpokea kwa kelele. Stosh, aliyekaa kwenye meza ya dirishani ambako wastaafu huketi kukagua nani kaja na gari gani, alimvutia kiti.

"Tulidhani umekufa! Nimechezeshwa na Harlan, mtu asiyejua hata rangi za karata."

"Nimesikia. Ndiyo maana nimefufuka. Gawa."

Rhonda aliwatazama kutoka kwenye foleni ya samaki. Baba yake alikuwa akimkemea Stosh wa kweli, na Stosh wa kweli alikuwa akijibu. Alikuwa bado anatabasamu alipoona, nje ya dirisha, pikapu ya Curt ikiegeshwa. Curt alikuwa ametoka kazini. Aliliona gari la mkewe limejaa theluji na, kama mwanamume yeyote wa Michigan aliyelelewa vizuri, alichukua brashi yake akaanza kumsafishia. Alianza na paa, akashuka kwenye vioo, kisha akafika mbele. Rhonda alipunga mikono yote miwili. Curt naye akampungia kwa upendo, akaendelea kufuta.

Nembo ya bluu iling'aa chini ya taa.

Stosh alishusha karata zake. "Orville. Gari iliyokuleta ni Ford."

Meza yote iligeuka dirishani, kisha ikamgeukia Orville. Rhonda alisimama na sahani mkononi. Baba yake akiona aibu usiku ule, asingetoka tena nyumbani.

Orville aliangalia nje bila haraka. "Unamwona yule mwenye brashi? Yule ni mkwe wangu, mtu wa Dearborn. Ana wivu. Amenibandikia nembo yao kwenye Equinox yangu."

Stosh aliitazama Escape kutoka taa hadi taa. Naye alikuwa amefanya kazi kiwandani miaka ileile.

"Watu wa Dearborn hawana haya," alisema mwishowe, akaokota karata zake. Halafu, kwa sauti ya chini, "Inaingilika?"

"Kama kiti cha jikoni."

"Goti langu hili linanisumbua. Ijumaa ijayo mwambie binti anipitie na mimi. Kwa hiyo Equinox."

"Atakupitia. Lakini kaa nyuma, na usibamize mlango."

Curt aliingia akipangusa buti zake, mashavu mekundu, amejaa fadhila. "Nimekusafishia gari, Mzee. Sasa kwa kuwa mambo yamebadilika, Jumapili pikapu yangu nayo naweza kuiegesha mbele ya gereji?"

Orville alitupa karata mezani, akazoa zote zilizochezwa, ndipo akamtazama mkwewe.

"Barabarani," alisema.