Lindo la Geti la Nyuma

Kambini kila mtu alimwita Koplo Bomba, kwa sababu hapakuwa na bomba lililopasuka, choo kilichoziba wala tangi lililovuja ambalo halikupita mikononi mwake. Ufundi huo aliupata kwa kutazama wengine. Shule aliiacha mapema, baba yake alipofariki na kumwacha mama na watoto wanne, yeye akiwa kifungua mimba. Siku alipojiunga na jeshi alimwambia mama yake waziwazi: "Mama, nikivumilia kule, watanisomesha."

Wakamsomesha kweli. Baada ya kuomba na kungoja hadi akakaribia kukata tamaa, jeshi lilikubali kumlipia ada ya stashahada ya ufundi wa maji, katika chuo kilichokuwa ng'ambo ya barabara iliyopita nyuma ya kambi. Masharti yalikuwa mawili. Akikosa mtihani, ada ya mwaka mzima ingekatwa kwenye mshahara wake. Akivunja nidhamu, angeondolewa chuoni moja kwa moja. Mshahara huo ndio uliolisha nyumba yake na kumweka shuleni mdogo wake wa mwisho. Alitia sahihi akijua vizuri anachokubali.

Akasoma jioni, buti zikiwa bado miguuni. Sajenti wake, mtu mfupi mwenye sauti ya kupasua mawe, akampachika jina la pili. "Profesa! Hebu tufafanulie, mvua inatoka wapi?" Kikosi kizima kikavunjika mbavu. Koplo alicheka pamoja nao, lakini moyoni aliweka kinyongo, na kinyongo hicho ndicho kilichomponza.

Mtihani wa mwisho wa vitendo ulipangwa asubuhi, na asubuhi hiyohiyo yeye alipangiwa lindo la geti la nyuma. Njia ya haki ilikuwa fupi: aende kwa sajenti, apige saluti, aseme. Hakwenda. Kiburi kilimkataza kuomba hisani kwa mtu anayemfanya kichekesho. Badala yake alipatana chinichini na rafiki yake, dereva wa lori, aje ampokee lindo kabla mtihani haujaanza.

"Ondoa shaka, kaka," dereva alisema. "Jua likichomoza tu, nipo."

Jua likachomoza, likapanda, na dereva hakuonekana. Aliyetokea ni mpishi mkuu, mama wa makamo, akisukuma toroli la maganda ya viazi kuelekea shimo la taka.

"Mbona umekauka hivyo, mwanangu?"

"Namngoja dereva, mama. Anipokee."

"Yule? Katumwa saruji tangu alfajiri! Kama ana bahati, atarudi mchana."

Dereva angekataaje kutumwa, na kwenye ratiba hakuwa na zamu yoyote? Koplo akamweleza mpishi mambo yote.

"Sasa si uende!" mpishi akasema. "Geti hili hapa, chuo kile pale. Nipe hiyo kofia nisimame mimi. Kwa mwili huu, nani atapita?"

Koplo alicheka bila kutaka. Kupitia nondo za geti aliwaona wanafunzi wenzake wamejipanga nje ya karakana ya chuo, kila mmoja na spana yake. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye komeo. Mtu akikosea mara moja, kosa la pili humjia likiwa limevaa sura ya msaada, na wengi huanguka hapo. Koplo aliutoa mkono kwenye komeo.

"Mama, nakuomba jambo moja. Niitie sajenti. Mwambie ukweli wote, usipunguze hata neno."

"Atakutafuna mzimamzima!"

"Na anitafune."

Sajenti alifika akihema, uso umekunjamana.

"Nani kakuruhusu kubadilishana zamu?"

"Hakuna, afande. Tulipatana kwa siri."

"Na huu mtihani umeujua lini?"

"Tangu mwezi jana, afande."

"Mwezi jana! Na mdomo ulikuwa umeazimwa na nani?"

"Nilichoka kuchekwa, afande."

Mpishi, aliyerudi akimfuata sajenti, akaanza ghafla kuyapanga maganda kwenye toroli kana kwamba ni mayai.

"Utani wangu umezidi, hilo nakubali," sajenti akasema. "Lakini ungesema, ningekupanga zamu ya jioni. Ungeondoka hapa bila kusema, ningekuandikia mashtaka kwa mkono wangu mwenyewe. Kabidhi lindo!"

Koplo alikabidhi bunduki na risasi kwa utaratibu wote, akatamka kwamba hali ni shwari. Sajenti akasimama mahali pake.

"Jumamosi, mitaro yote ya kambi. Wewe na huyo dereva wako. Sasa toka, mbio!"

Koplo alipofika karakana, msimamizi alikuwa ameshika kitasa ili afunge mlango. Alipewa pampu mbovu na mabomba, akaambiwa atoe maji. Mikono iliposhika spana, ikakumbuka kazi yake. Mchana alitoka nje, akaegemea ukuta, akashusha pumzi iliyomkaa kifuani tangu asubuhi. Akampigia mama yake.

"Mama, nimemaliza. Maji yametoka."

"Na kazi? Kazi bado unayo?"

"Ninayo, mama."

Mama akashukuru kwa sauti, mpaka majirani wakasikika wakiuliza kuna nini.

Jumamosi walizama mitaroni, tope hadi magotini. Dereva alinung'unika kila koleo: angalau yeye alikosa kuja kwa sababu alitumwa saruji! Koplo alipiga mluzi. Kwa muda mrefu hakuwa amefanya kazi bila jambo la kuficha moyoni, na koleo lilimwia jepesi. Sajenti alipopita kukagua, koplo alipanda juu, akapiga saluti huku matope yakimchuruzika kwenye kiwiko.

"Afande, matokeo yatatolewa mwisho wa mwezi. Naomba ruhusa ya asubuhi hiyo."

"Umepewa," sajenti akasema. "Rudi mtaroni."

Akarudi, bado akipiga mluzi.