Mwanamke Anayewangoja Vipepeo Kileleni

Saa nne asubuhi. Jua ndiyo kwanza linaipasha moto misonobari, na Doña Hermelinda Garduño yuko juu ya jiwe lake kileleni, daftari pajani, macho kaskazini.

"Hakuna kipepeo anayeingia jimbo letu la Michoacán bila mimi kumwona," anasema. Anameza tonge la chapati ya mahindi. "Ila wale wa mwaka juzi. Walipita maelfu, na mimi nakoroma."

Kwa miaka kumi na tisa, kila vuli, anaandika siku na saa vipepeo wa rangi ya chungwa wanapofika kutoka Kanada, na upepo uliowaleta. Mlinzi mwenzake wa Coahuila, jimbo la mbali kaskazini, humpigia simu wakishapita kwake. Kamati ya msitu humlipa peso mia mbili kwa siku, wiki sita tu.

Mwaka huu kazi hiyo iko mashakani. Kamati imeamua kwamba aliyezidi miaka sitini na tano asipande tena. Karani mpya, Gerardo Tinoco, kijana wa mjini Morelia, amefika na fomu huku akihema.

"Doña, una miaka mingapi?"

"Sitini na tatu. Kaa kwanza, mwanangu, usije ukanifia hapa. Kushusha maiti hakumo kwenye mshahara wangu."

Gerardo anaandika.

"Na hata ningezidi! Kipepeo wa kiangazi huishi mwezi. Huyu wa safari huishi miezi minane, na ndiye anayevuka milima. Nani kamwambia kazeeka?"

Saa tano na dakika kumi, mmoja anachomoza juu ya miti. Kisha kumi. Kisha hawahesabiki. Hermelinda analamba ncha ya penseli, anaandika: Novemba mosi. Siku ambayo, kwa imani ya kwao, marehemu hurudi nyumbani kula, wakija kama vipepeo.

"Huyo wa mbele ni mume wangu," anasema, akijipangusa macho kwa shali. "Hakuwahi kusubiri chakula."

Daftari limebakiza kurasa nne. Anataka kulijaza mwakani, mwaka wa ishirini, ndipo ashuke kwa hiari yake.

Wakati huo anatokea mwanamke mwenye kikapu cha mikate ya sikukuu. Ni Otilia, dada yake wa Zitácuaro, aliyekuja kusafisha makaburi. Kapanda mlima mzima, wala hahemi.

"Wewe ni mdogo wake?" Gerardo anauliza.

"Mdogo wapi! Pacha wake," anajibu Otilia, akimpa mkate. "Nimemtangulia robo saa. Machi tumetimiza sabini na moja. Hakukwambia?"

Kalamu ya karani inasimama. Ghafla Doña Hermelinda anakodolea macho kusini, upande ambao hakuna kipepeo aliyewahi kutokea.