Shangazi na Visu Thelathini

Shangazi yangu ananoa visu kwa baiskeli. Anaisimamisha kwenye stendi, anakaa, anakanyaga pedali, na badala ya kwenda popote, mkanda unazungusha jiwe la kunolea. Miaka tisa amenoa visu vya jiko la shule yetu, na kwa majivuno husema injini yake ni mapaja.

Juzi mpishi mkuu alimwonya: kuna kijana ana mashine ya umeme, anamaliza visu thelathini asubuhi moja. Shangazi naye asipomaliza, kazi inakwenda kwa kijana. Shangazi alilala na hasira, akaamka nayo, akatoka bila kutia kitu mdomoni ili awahi. Haraka haraka haina baraka.

Alianza kwa mbwembwe. Kufika kisu cha kumi na tisa, jiwe likasuasua, miguu ikamtetemeka, kijasho kikamtoka. Ilikuwa saa ya mapumziko, wanafunzi tumejazana mlangoni, mpishi kasimama kakunja mikono. Nilimwonea huruma, na aibu pia, sitaficha.

"Nipeni chai yenye sukari, na mkate," akasema, akashuka.

Mdomo wangu hauna breki. "Shangazi, mwalimu katufundisha mafuta ya mwilini ni akiba ya nguvu. Wewe unayo tele. Mbona umeishiwa?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Naye akacheka mpaka chai ikampalia.

"Akiba ziko mbili, mwanangu. Wanga ukisagwa tumboni unakuwa sukari, inaingia kwenye damu. Inayobaki, ini na misuli vinaiweka karibu, kama unga wa kwenye kopo. Ikizidi tena, mwili unaigeuza mafuta: hayo ni magunia ya stoo. Stoo yangu imejaa, mnaiona wenyewe. Lakini hata ukilala moyo unapiga, ubongo unafanya kazi, kopo linapungua. Mimi leo sikulijaza. Na magunia hayafunguki upesi; kwa kukanyaga kasi hivi, unga wake hauwahi."

Baada ya robo saa akapanda tena, na jiwe likalia vizuri. Kengele ya darasani ikagongwa, hatukusogea. Kisu cha thelathini kilipotoka, mpishi alikichukua, akakata nyanya bila kuibonyeza, akaitazama.

"Mwezi ujao, mama," akasema, "kunywa chai kwanza ndipo uje."